Suti ya Heshima kwa Siku ya Usaili

Kila mara Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapotoa orodha ya walioitwa kwenye usaili, na kila mara benki, shule, hospitali au kampuni ya Mwanza inapowaita vijana waje kujieleza, huzuka katika nyumba nyingi za mjini na za mwambao wa Ziwa Viktoria, tangu Ukerewe na Sengerema hadi Magu, swali ambalo halina mtu wa kulijibu kwa hakika: mtoto wetu atavaa nini? Tangazo la usaili hueleza kwa ukamilifu habari za vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, hutaja tarehe, saa na mahali, na hukumbusha ya kuwa kila msailiwa atajigharimia chakula, usafiri na malazi. Bali mintarafu ya mavazi aghalabu hunena machache au hunyamaza, na katika kimya hicho huingia ushauri wa kila namna, wa mjomba anayeisifu suti aliyoolea, wa rafiki aliyeona picha katika simu, na wa mwenye duka ambaye haja yake ya kuuza ni kubwa kuliko haja yake ya kushauri.

Makala haya yamekusudiwa kumfaa kijana huyo pamoja na wazee wake wanaomchangia nauli. Rai yangu naitanguliza ili msomaji aipime kwa yatakayofuata: suti ifaayo siku ya usaili ni ile tulivu, iliyomkaa mwenyewe sawasawa, ambayo wasaili, akisha kutoka mlangoni, hawana la kusimulia juu yake ila kwamba mtu yule alikuwa nadhifu, na kwa kuwa sifa yake kubwa ni kukaa vizuri mwilini wala si bei iliyolipwa, suti hiyo imo katika uwezo wa kijana asiye na mali, maadamu anajua cha kutazama na anajua fundi wa kumwendea. Nalisema jambo hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona vijana wenye akili na elimu maridhawa wakiketi mbele ya jopo huku wameshughulishwa na nguo zao, mkono mmoja ukivuta koti lililobana na mwingine ukilegeza tai, hata maneno mazuri waliyoyaandaa kwa siku nyingi yakatoka nusu nusu.

Utulivu wa vazi hili una historia ndefu. Huko Uingereza, mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, wakati ambapo mwanamume wa cheo alizoea kujipamba kwa hariri, nakshi na rangi za kila namna, alitokea mtu mmoja aliyeitwa Beau Brummell, ambaye hakuwa mtoto wa lodi wala wa mfalme, akashika njia nyingine kabisa: koti la rangi ya buluu iliyoiva lisilo na pambo lolote, lililokatwa kwa ustadi mkubwa, juu ya shati la kitani jeupe lililofuliwa likatakata. Wakubwa wakamfuata yeye badala ya yeye kuwafuata wao, na kwa muda mrefu baada yake mafundi wa mtaa wa Savile Row mjini London wakaliendeleza wazo lile lile, mpaka makarani, mawakili na mabwana wa benki wa dunia nzima wakalifanya vazi la rangi ya giza kuwa libasi ya kazi. Tangu mwanzo, basi, heshima ya suti ilitegemea mkato na usafi, wala haikutegemea mapambo.

Kwetu Kanda ya Ziwa vazi hilo lilikuja kwa maji na kwa reli. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani zikapata njia ya kuleta bidhaa za pwani hadi bandari zetu, na reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, majora ya vitambaa na vyerehani yakazidi kuteremshwa, na fundi aliyeketi barazani mwa duka akawa sehemu ya mji. Baada ya Uhuru, na khasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, tai ilionekana na wengi kuwa masalio ya ukoloni, na viongozi wakapendelea koti la mtindo wa Chou En-lai, Waziri Mkuu wa China aliyezuru Tanzania mwaka 1965, au suti ya mikono mifupi iliyopewa jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Kaunda suti ingali hai, na ingali inabishaniwa: mwaka 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya aliipiga marufuku ukumbini, ilhali Rais wa nchi ile mwenyewe akionekana ameivaa mara kwa mara. Mimi naihesabu kuwa vazi la heshima kamili, na mtu mzima anayeomba kazi ya shule au ya halmashauri aweza kuivaa bila ya hofu. Lakini kijana anayekwenda kwa mara ya kwanza, asiyejua jopo lina watu wa fikra gani, atakuwa katika amani zaidi kwa koti na tai, maana hakuna msaili atakayestaajabu kuviona. Serikali nayo ilikwisha kutoa Waraka wa Utumishi wa Umma Na. 3 wa mwaka 2007 juu ya mavazi ya watumishi wake, na anayeomba kuingia katika nyumba hiyo hana budi kuonyesha tangu mlangoni kwamba anazijua ada zake.

Sasa tuje kwenye rangi. Mbili ndizo za kutegemea: buluu iliyoiva sana, ambayo kivulini hukaribia weusi, na kijivu cha mkaa. Zote mbili hupatana na ngozi zetu, huficha vumbi kuliko nyeusi, na huvalika tena kazini, kanisani, msikitini na msibani bila ya mtu kuuliza. Nyeusi si kosa, na aliye nayo asijitie gharama ya kutafuta nyingine; ila nyeusi ya bei nafuu hupauka upesi, na mpauko wake huonekana wazi juani. Kahawia, kijani, nyekundu ya damu ya mzee, na ile buluu ya kuwaka ambayo maduka mengi yameipanga katika vioo vya mbele, hizo ziachwe kwa siku nyingine.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi khasa, nalo ni suti ya harusi. Kijana wa Mwanza aghalabu hununua suti yake ya kwanza kwa ajili ya mahafali, au kwa kumsimamia ndugu yake siku ya ndoa, na suti hiyo huchaguliwa ili ipendeze ukumbini chini ya taa za rangi na mbele ya mpiga picha: kitambaa kina nyuzi za kung'aa, makunjo ya ukosi yamefunikwa kwa satini, kuna kizibao cha rangi nyingine, suruali imebana hata kifundo cha mguu ki wazi. Kwa harusi ni vema, na sherehe ina haki yake. Lakini chumba cha usaili kina mwanga wa dirisha na watu watatu au watano wenye karatasi mezani, na nguo ile ile iliyompa mtu furaha usiku wa Jumamosi humfanya asubuhi ya Jumanne aonekane kama aliyekosea mlango. Ikiwa suti ya harusi ndiyo pekee iliyopo, basi kizibao kiachwe nyumbani, leso ya mfukoni na ua viondolewe, shati liwe jeupe na tai iwe ya rangi moja. Na fundi stadi anaweza hata kuifunika satini ya ukosi kwa kitambaa kilichofanana na koti, akikipata.

Kitambaa chenyewe kinataka kufikiriwa kwa mujibu wa nchi tunayokaa. Ziwa liko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,134 hivi, na hewa ya Mwanza si ya joto zito kama ya Dar es Salaam au Tanga. Asubuhi na jioni upepo wa ziwani hupoza, lakini saa sita mchana mawe ya vilima vyetu huwa yamekwisha kushika moto, na kijana aliyeitwa saa mbili huenda asiingie chumbani hadi saa nane. Sufu nyepesi, ya gramu kama 240 hadi 280 kwa mita moja ya jora, ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu hupitisha hewa na mikunjo yake hujinyoosha yenyewe ikitundikwa usiku. Wengi hudhani sufu ni nguo ya baridi, wakaikimbia wakaenda kwenye nailoni na poliesta tupu, ambazo humfanya mtu atoke jasho jingi zaidi na kushika harufu kwapani. Asiyeweza kupata sufu tupu atafute mchanganyiko wa sufu na poliesta, na akikosa hata huo, basi poliesta isiyong'aa, nene kidogo, yenye bitana nusu mgongoni badala ya bitana nzima.

Wapi itapatikana? Ziko njia tatu, na kila moja ina watu wake. Maduka ya katikati ya mji yana suti mpya, nyingi zikiwa za poliesta kutoka China na Uturuki, na faida yake ni kuwa mtu huona anachonunua na hupata kipimo kilichokamilika. Fundi hushona kwa kipimo chako, ukimpelekea mita tatu na nusu za kitambaa cha upana wa sentimeta 150, na hii ndiyo njia ya uhakika kwa mtu mwenye umbo lisilopatana na vipimo vya kiwandani, kama vile mrefu mwembamba au mfupi mwenye kifua kipana. Ya tatu ni mitumba, na juu yake nitakaa kitambo, kwa sababu ndiyo njia ya walio wengi na ndiyo inayohitaji maarifa.

Tangu biashara ya nje ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mabelo ya nguo kutoka Ulaya na Marekani yamekuwa yakifunguliwa katika miji yetu yote. Viongozi wa Afrika Mashariki waliwahi kuazimia mwaka 2016 kuyakomesha, kwa nia ya kuvipa nafasi viwanda vya nguo, na sisi tunaokaa katika nchi ya pamba ya Usukuma, tunaoukumbuka uhai wa kiwanda cha Mwatex, hatuwezi kuidharau nia hiyo. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu ya ushuru wa bidhaa zetu, ni Rwanda tu iliyoshikilia msimamo, na mitumba ikabaki. Madhali ipo, kijana aijue. Katika soko la Mlango Mmoja hutundikwa makoti ambayo, yalipokuwa mapya huko yalikotoka, yalikuwa na thamani ambayo mtumishi wa kawaida asingeweza kuilipa: sufu halisi, bitana iliyoshonwa kwa mkono, vifungo vya pembe. Yametundikwa bega kwa bega na makoti mabovu, na macho ya mnunuzi ndiyo yanayoyatenganisha.

Atakayekwenda aende asubuhi, kukiwa na mwanga wa kutosha na belo lingali bichi, wala asianze kwa kutazama chapa iliyoandikwa ndani. Alikamate koti, akunje sehemu ya mkono wake ndani ya kiganja kwa nguvu, ahesabu hadi kumi, aachie: sufu itajikunjua taratibu, na kitambaa duni kitabaki na makunyanzi. Kisha aligeuze nje ndani. Bitana iliyochanika kwapani hushoneka, ila iliyooza na kuachia unga haina dawa. Atazame ukosi kwa nyuma, mahali unapogusa shingo, na viwiko, kama vimepata mng'ao wa kusuguliwa, maana mng'ao huo hauondoki kwa kufua wala kwa pasi. Suruali ainyanyue kuelekea jua na kutazama kati ya mapaja na sehemu ya makalio: panapopenya nuru ndipo patakapopasuka. Matundu madogo ya nondo hujificha chini ya ukosi na ndani ya vifuniko vya mifuko. Na la mwisho, ahakikishe ya kuwa koti na suruali ni vya jora moja, kwa sababu wauzaji huoanisha vipande vya mabelo mbalimbali, na buluu mbili zinazofanana kivulini huachana zikitolewa juani.

Mabega ndiyo ya kwanza kupimwa mwilini, na yakikataa, koti lirudishwe hata kama ni la bure. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega la mtu unapoishia. Na njia nyepesi ya kujua ni kusimama ubavu ukielekea ukutani na kuusogelea: kama koti linagusa ukuta kabla ya mkono wako, ni kubwa. Kubadilisha mabega ni kulivunja koti lote na kulijenga upya, na mafundi wachache mno watakubali, na wachache zaidi wataweza. Mengine yote yana tiba. Kiuno cha koti hupunguzwa au huachiwa kwa kadiri ya akiba ya kitambaa iliyomo ndani ya mshono wa mgongo. Mikono hufupishwa mpaka shati lichungulie kwa sentimeta moja hivi. Kiuno cha suruali hubanwa nyuma. Pindo hukunjwa ili suruali iguse kiatu kwa wepesi bila ya kurundikana. Koti likifungwa kifungo, pasitokee mikunjo ya kuvutana tumboni, na kiganja cha mkono kipite kati ya kifungo na shati bila ya shida.

Kwa hiyo nasema wazi: mwenye fedha chache azigawe ili fundi apate fungu lake kabla muuzaji hajazimaliza. Koti la mtumba la bei ndogo likipita mikononi mwa fundi mwangalifu litamtendea mtu haki kuliko suti mpya ya bei ya juu iliyochukuliwa dukani na kuvaliwa vivyo hivyo. Watafutwe mafundi wa suti khasa, kwa kuwa si kila mwenye cherehani anayelijua koti. Aulizwe fundi aonyeshe koti alilokwisha kushona, lipinduliwe ndani, na mishono ya kwapa itazamwe kama imelala sawa. Na apelekewe kazi mapema. Fundi wa Mwanza, sawa na fundi wa mahali popote, akipewa siku tatu wakati wa harusi nyingi za mwezi wa Desemba hatakuwa na makosa akichelewa.

Liko jambo dogo ambalo huniuma nikiliona, kwa wepesi wa kuliepuka. Suti mpya hutoka kiwandani na kipande cha chapa kimeshonwa kwenye mkono wa kushoto karibu na vifungo, na mipasuo ya nyuma ya koti imefungwa kwa uzi wa msalaba ili isifunguke safarini. Vitu hivyo viwili huwekwa kwa ajili ya duka, na mnunuzi hutakiwa kuvitoa. Vijana wengi huviacha, wengine kwa kudhani chapa ni fahari, na mtu anayejua nguo huviona kabla hajaona uso. Mkasi mdogo na dakika mbili zatosha.

Kwa mabinti na kina mama hukumu ya macho ni kali zaidi, wala sioni kuwa ni haki, ila ndivyo ilivyo, na mwenye kutafuta kazi hana budi kuijua nchi aliyomo. Juni 2021 mbunge mmoja mwanamke alitolewa nje ya ukumbi wa Bunge mjini Dodoma kwa sababu ya suruali aliyovaa, na watu wakagawanyika kwa rai. Katika benki na kampuni suruali pana yenye koti imekwisha kuzoeleka. Mbele ya jopo asilolijua mtu, sketi au gauni la rangi moja lenye koti ndilo litakaloleta maneno machache. Sketi ipimwe mtu akiwa ameketi, maana ile inayofika chini ya magoti kwa aliyesimama huweza kupanda juu yake kwa aliyeketi. Asiridhike mpaka ameketi kwenye kiti kisicho na meza, akainuka, akaketi tena, wala mkono wake haukuhitaji kuvuta kitu. Mpasuo wa nyuma uwe wa kumwezesha kupanda daladala na si zaidi. Mwenye kuvaa ushungi achague kitambaa kisichoteleza, cha rangi iliyo katika suti au iliyo tulivu kuliko suti, akibane kwa pini nyumbani na kukijaribu kwa kugeuza kichwa huku na huku. Kitenge nakipenda, na suti ya kitenge iliyoshonwa vema ni fahari ya ofisi zetu siku za Ijumaa, lakini maua makubwa huteka macho ya msikilizaji, na siku hiyo tunayataka masikio yake.

Yaliyobaki hayana mjadala mrefu. Shati liwe jeupe au samawati nyepesi, ukosi wake uruhusu vidole viwili shingoni. Tai ya rangi moja au yenye alama ndogo, ncha yake iguse mkanda. Soksi za rangi ya giza zilizo ndefu hata mguu usionekane mtu akiketi. Viatu vyeusi vya kamba vilivyopigwa dawa siku moja kabla, na mkanda wa rangi ile ile. Saa ya kawaida yatosha. Manukato yawe kidogo, kwa kuwa chumba huwa kidogo. Koti la vifungo viwili hufungwa cha juu tu, nacho hufunguliwa wakati wa kuketi.

Si kila usaili utakao suti. Usaili wa mchujo, ule wa kuandika, huwakusanya watu wengi katika ukumbi mmoja kwa saa nyingi, na shati safi na suruali ya kitambaa huutosheleza; koti lingojee usaili wa mahojiano. Dereva, fundi umeme na mpishi huitwa kwenye usaili wa vitendo, na hapo tai ni kikwazo cha kazi. Anayeomba kazi ya mikono katika viwanda vya minofu ya sangara, au ya mitambo katika migodi ya Geita, atatazamwa zaidi kama amevaa viatu vilivyofunika vidole na kama kucha zake ni fupi. Ajitokeze nadhifu kwa shati lililochomekewa, na atakuwa amejiheshimu kikamilifu. Anayeomba uhasibu katika kampuni hizo hizo, huyo avae suti.

Ni lazima pia kuifikiria safari, kwa maana wasailiwa wengi huingia mjini kutoka mbali: kwa mabasi ya Musoma na Shinyanga, kwa meli ya kutoka Bukoba au ya kutoka Ukerewe, na tangu Juni 2025 kwa daraja la Kigongo na Busisi ambalo limewapumzisha watu wa Geita na Sengerema na foleni ya kivuko. Koti lisivaliwe garini. Ligeuzwe bitana nje, bega moja liingizwe ndani ya lingine, likunjwe mara moja juu ya taulo na kutiwa juu kabisa ya mizigo, na likifika litundikwe bafuni baada ya mtu kuoga maji ya moto, ili mvuke ulainishe mikunjo. Anayefikia kwa jamaa maeneo ya Kirumba, karibu na Mwaloni, alifunge ndani ya mfuko wa nailoni mpaka asubuhi, kwa sababu harufu ya dagaa ni riziki ya mji huu na hatuionei haya, lakini sufu huishika na haiiachii kwa siku kadhaa. Na anayelala vilimani, Bugando au Mabatini au Igogo, ambako njia hushuka katikati ya majabali na maji ya mvua hupita humo humo, ateremke kwa kandambili, viatu vikiwa mfukoni, avivae akisha kufika barabara ya lami.

Siku mbili kabla, avae kila kitu kuanzia soksi hadi tai, aketi nusu saa akijibu maswali ya dada au mjomba wake, aandike, anyanyue mkono kama anayesalimia, apande ngazi. Kinachobana katika nusu saa hiyo kitabana zaidi mbele ya jopo, na fundi bado ana muda wa kukitengeneza.

Juu ya gharama nina neno kwa wazazi. Nimesikia habari za ng'ombe aliyeuzwa ili mtoto anunuliwe suti, na mikopo ya riba iliyochukuliwa kwa sababu hiyo hiyo, wakati ambapo usaili ni mlango mmoja na huenda kijana akabisha milango mingi kabla mmoja haujafunguliwa. Kuazima si aibu. Koti la kaka au la mwalimu wa jirani, likiwa na mabega yanayopatana, laweza kukunjwa mikono kwa uzi wa muda bila ya kukatwa na kurudishwa kama lilivyokuwa. Na wako vijana waliomaliza chuo pamoja ambao wamechangiana koti moja la buluu, kila aliyeitwa akilichukua kwa zamu na kulirudisha limepigwa brashi. Huo ni udugu unaostahili kusifiwa, na afisa wa ajira aliyeona koti lile mara mbili, kama yupo, hakupoteza chochote.

Anayeshonesha yake mwenyewe, na akiweza kuongeza kidogo, anunue jorani humo humo mita moja na robo zaidi kwa suruali ya pili. Suruali huchakaa mapema kuliko koti, na mshahara wa kwanza wa mtumishi mpya mara nyingi hukawia. Mwenye koti moja na suruali mbili, akiwa na mashati matatu ya kubadilisha, ataripoti kazini Jumatatu na kufika mwisho wa mwezi akiwa nadhifu kama siku aliyoketi mbele ya jopo.